Barabara Niliyoifumua

Yaya Feza alifariki kwao Kalemie mwezi wa nne, na kwa kuwa hakuna kati yetu aliyeweza kufika kule kabla ya maziko, matanga tuliyaweka hapa Midrand, nje kidogo ya jiji la Jozi, sebuleni kwa binti yangu Riziki. Kwetu yaya ni dada mkubwa. Yaya Feza alikuwa dada mkubwa wa marehemu mke wangu, na mimi nilimwita hivyo kwa kumfuata mke wangu, nikaendelea kumwita hivyo hata baada ya mke wangu kutokuwepo tena. Watu walikuja wengi kuliko viti. Wanawake wa kanisani walijaza jiko, sisi wanaume tukakaa gereji na makoti yetu, na kila aliyeingia alinipa mkono akasema pole mzee, pole mzee, mpaka nikaanza kujisikia mzee kweli. Siku ya tatu nilitoroka. Nilimkuta mjukuu wangu, mwenye miaka minne na nusu, amelala kifudifudi kwenye kapeti la chumbani kwake, mbele yake karatasi, chupa ya gundi na rundo la majani makavu aliyookota kwenye barabara za ndani za mtaa wao wenye geti. Shuleni walikuwa wameambiwa watengeneze picha ya msimu huu wa majani kupukutika. Nikaketi chini, magoti yakalia, nikawa namshikia karatasi. Jani la kwanza alilibandika limeelekea kushoto, la pili akaliweka kichwa chini, na mkono wangu, bila kuniomba ruhusa, ukanyooka kwenda kulirekebisha. Niliurudisha haraka nikautia mfukoni. Mtoto hakuona. Lakini mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na vikombe vya chai, aliona, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu simu ya msiba ifike. "Papa," akasema, "mkono bado unakuwasha tu?"

Riziki mwenyewe mambo ya mwaka ule alioletwa kwangu anayajua kwa kusimuliwa, na aliyemsimulia ni Yaya Feza, ambaye alikuwa na kipaji cha kuyasimulia mambo yote yakawa ya kuchekesha na makosa yote yakawa yangu. Sasa Yaya hayupo, na nimebaki mimi tu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, kijana wa kushona nguo. Nilipanga chumba Troyeville, mtaa wa Jozi, katika nyumba ya zamani yenye paa la bati jekundu, ambayo mwenye nyumba alikuwa ameigawa kwa mbao mpaka chumba kimoja cha kulia chakula kikawa vyumba viwili vya kuishi watu. Ubao wa kugawia ulipita katikati ya dirisha, kwa hiyo mimi na jirani yangu Mama Bijou tuligawana dirisha moja, yeye kioo kimoja na mimi kioo kimoja. Mama Bijou alikuwa msusi kutoka Bukavu, mcheshi, mwenye sauti iliyovuka ubao bila shida yoyote, na nikipiga chafya usiku yeye ndiye aliyenijibu. Kifo cha mke wangu nimekwisha kukiandika mahali pake. Hapa inatosha kusema kwamba niliondoka Kalemie kabla Riziki hajazaliwa, kwamba mtoto alipobaki bila mama, akiwa na miaka mitatu, Yaya Feza alimchukua kwake, na kwamba mwaka mmoja baadaye aliniletea.

Walifika mwezi wa kwanza, baada ya siku tisa za lori na mabasi. Yaya alikuwa mwanamke wa biashara ya vitenge, aliyezoea kuja Jozi mara mbili kwa mwaka, na hata huzuni aliizungumza kama mtu anayetaka mambo yaishe kabla soko halijafungwa. Alikaa kwenye kitanda changu, mtoto kamshika sketi, akasema, "Sikiya. Mutoto nimemuleta juu baba yake eko muzima. Mwezi wa sita nitarudia. Nikikuta eko na raha kwako, namuacha. Nikikuta bado anakuangalia sawa mugeni, namubeba Kalemie, na hautasema kitu. Tumeelewana?" Nikasema, "Ndiyo, Yaya." Ningesema nini? Nilikuwa nimemwona mtoto wangu kwa muda usiozidi nusu saa, na katika hiyo nusu saa alikuwa ameniangalia viatu tu. Nilimtaka vibaya sana. Sikujua kama kumtaka kunatosha, na nilikuwa na miezi mitano ya kujua.

Riziki hakulia Yaya alipoondoka. Ningependelea alie, kwa sababu mtoto anayelia unaweza kumbeba, lakini huyu alikaa kwenye mkeka chini ya kioo chetu kimoja cha dirisha, akanyamaza kwa adabu, kama mgeni aliyefika nyumba ambayo wenyewe hawapo na anasubiri warudi. Nilipika bukari, ndiyo ugali wetu, na ndagala, wale dagaa wa kwetu, niliowatafuta mpaka soko la Yeoville, nikamwekea sahani yake peke yake. Hakugusa. Alikuwa anakula mkate na chai, tena upande wa pili wa ubao, kwa Mama Bijou, ambaye pia alimsuka na kumwogesha, kwa maana mimi nikimsogelea na kitambaa alikuwa anarudi nyuma mpaka mgongo ugonge ukuta. Jumamosi wanawake walijaa kwa Mama Bijou kusukwa, na kwa kuwa ubao ule ulizuia macho tu, nilikuwa nasikia kesi yangu yote ikisikilizwa. "Mwanaume peke yake na mutoto mwanamuke?" mmoja aliuliza. "Atamulisha nini, nyuzi?" Wakacheka. Mwingine akasema, "Atamurudisha. Hata mwezi wa sita ni mbali, atamurudisha mbele ya Pasaka." Nikasikia Mama Bijou akisema wapunguze sauti, mtu yuko. Mtu alikuwa yuko kweli, amekaa kitandani na soksi moja mkononi, na hasira zilizomjaa hazikuwa na pa kwenda, kwa sababu wale wanawake walikuwa wanasema alichokuwa anakiwaza mwenyewe.

Inabidi hapa nimweleze Papa Anselme, maana kosa langu lote lilitoka kwake, na yeye alinipa kwa nia njema. Alikuwa fundi wangu, bwana wa karakana ya cherehani tano katika fleti ya ghorofa ya tatu kule Berea, ambako tulishona suti za harusi na magauni ya kanisani madirisha yakiwa wazi na kelele zote za mtaa zikiingia. Papa Anselme hakufundisha kwa mdomo. Ukimaliza mshono, unauweka mezani kwake. Ukiwa umepinda, hasemi neno. Anachukua kisu chake kidogo cha kufumulia, anafumua ulichoshona chote, uzi kwa uzi, kisha anashona upya mwenyewe, unyoofu wa kukufanya uone aibu, na kukurudishia. Mwanzoni niliona ni dharau. Baada ya mwaka mmoja ndipo nikaelewa kwamba wale ambao Papa hakuwajali aliwaachia kazi yao mbovu iende ilivyo kwa mteja, wakaonane na mteja. Aliowapenda aliwafumulia. Siku alipofumua kola yangu mara tatu mfululizo, wenzangu walinipongeza. Ndivyo nilivyojifunza, nikiwa kijana mbali na kwetu, kwamba mtu anayekupenda anakaa chini, ananyamaza, na anakunyooshea ulichopinda. Sikuwa na somo lingine la upendo karibu, nikalichukua hilo.

Kisha majani yakaanza kuanguka. Kwetu majani huanguka kila siku, machache machache, unafagia asubuhi na maisha yanaendelea, lakini Jozi miti ya mtaa mzima huamua kwa pamoja. Mwezi wa nne barabara yetu ilikuwa ya njano na kahawia mpaka kwenye robot, ndiyo taa za barabarani, pale chini, na Riziki, niliyekuwa namchukua kila jioni kutoka kwenye kituo cha watoto cha Ticha Thandi, akaacha kutembea. Alikuwa anachuchumaa. Anaokota jani, analigeuza, analiangalia mgongo, anaokota lingine. Siku ya kwanza nilimhimiza. Siku ya pili nilikuwa nimechoka, nikachuchumaa na mimi, na kwa kukosa la kusema nikamnyooshea jani la mwaloni lenye kingo za mawimbi. Alilichukua mkononi mwangu. Nafikiri hicho ndicho kitu cha kwanza alichopokea kutoka kwangu bila kulazimishwa, na nilitembea hadi nyumbani nikiwa nimeshika mifuko miwili ya majani kama mtu aliyetoka kununua nyama ya sikukuu.

Michezo tuliyoicheza na majani yale ilikuwa rahisi mno, na vifaa vyake vyote vilitoka karakana. Nililaza jani chini ya karatasi ya kahawia ya kukatia mitindo, nikapitisha juu yake chaki ya fundi kwa ubavu, na mishipa ya jani ikajitokeza yote, mpaka ile midogo. Riziki akavuta pumzi. Akaniondolea chaki mkononi, na kuanzia hapo karatasi ikawa yake. Tulipiga majani pasi katikati ya karatasi mbili, pasi ikiwa vuguvugu, yakatoka bapa na magumu, na chumba kikanuka kama chai. Tulichemsha gundi ya unga wa ngano kwenye sufuria ndogo, tukabandika majani juu ya mzunguko wa karatasi, ikawa taji, na akanivalisha mimi, akarudi hatua mbili kuangalia, akaniamuru kwa kidole nisitikisike. Nilikaa na taji lile nikipika. Mama Bijou alipita na ndoo, akasimama, akasema, "Eh, mufalme wa Troyeville," na mtoto akacheka kwa sauti. Jumapili ile alikuja mwenyewe kwenye sahani yangu, akamega bukari, akachovya, akala akiwa amesimama. Niliendelea kutafuna bila kumwangalia. Nilikuwa naogopa hata kumeza.

Kwa hiyo Ticha Thandi alipotuma ujumbe kwamba Ijumaa ni siku ya majani, kila mtoto alete kitu kidogo alichotengeneza kwa mkono wake, nilijiona tayari nimeshinda. Riziki alitaka kushona. Alikuwa ameniona nikishona jioni, na hakutaka gundi tena. Nilimkatia kipande cha kitambaa cha marekani kirefu kama mkono wangu, nikamtungia uzi mwekundu kwenye sindano nene isiyo kali, na kwa jioni nne mfululizo alikaa kwenye mkeka akishona majani yaliyopigwa pasi juu ya kitambaa, ulimi nje, bila kuniruhusu nishike kitu. Alianzia kona ya chini. Mstari wake ulipanda, ukapinda kulia, ukarudi kushoto, ukajikunja, ukasimama mahali pamoja kwa mishono kumi na zaidi iliyorundikana, ukaendelea. Majani mengine yalikaa mbali, mengine yalipandana. Nilikuwa natazama kwa jicho la fundi, na jicho la fundi liliona kazi ambayo ingechekwa. Nilimwona binti yangu amesimama mbele ya watoto wa wenyeji, ambao mama zao wana muda na wana gundi za dukani, ameshika kitambaa kilichopinda, yeye ambaye tayari alikuwa hana mama na hana lugha ya mahali. Nikasema moyoni, mtoto wangu hatachekwa.

Nilifanya kazi hiyo alfajiri ya Ijumaa, kabla hajaamka. Nilifumua uzi wote mwekundu kwa uangalifu, majani mawili tu yakapasuka nikayabadilisha. Nikapiga mstari kwa rula, mmoja, ulionyooka kutoka pembe hadi pembe, nikayapanga majani kwa ukubwa na kuyashona kwa nafasi sawa, mshono mdogo wa kufichika. Ilikuwa kazi nzuri. Najua ilikuwa nzuri, kwa sababu nilikuwa na furaha nilipokuwa naifanya, nikimwona Papa Anselme akitikisa kichwa kwa kukubali. Nilihisi ndiyo siku ya kwanza niliyokuwa baba. Riziki aliamka, akaja, akakiangalia kitambaa. Alikigeuza nyuma, kama anavyogeuza majani. Akaangalia chini ya meza, akaangalia kwenye kikapu cha nyuzi, na nilichelewa sana kuelewa kwamba alikuwa anakitafuta cha kwake. Kisha akakiweka juu ya goti langu, kwa adabu ileile ya mwezi wa kwanza, na kusema, "Hii ni ya wewe."

Alikwenda nacho kwa sababu nilimpa. Jioni nilipokwenda kumchukua, Ticha Thandi aliniita pembeni. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye kuvaa aproni yenye rangi za watoto, na alizungumza nami Kiingereza cha polepole kwa kunihurumia. "Eish, baba," alisema, "leo amekataa kuonyesha. Amesema si yake, ni ya baba." Nikaanza kueleza kwamba nilimsaidia kidogo. Akanyanyua mkono. "Wiki nzima alikuwa anatuonyesha ile yake kwa kidole, hapa mezani. Inakwenda hivi, inapinda hivi. Anasema basi, ibhasi, ibhasi. Hapa ibhasi imelala. Hapa kuna maji mengi. Hapa imeharibika, tumekaa, tumekaa, tumekaa." Alichora mezani kwa kidole chake, na mstari aliouchora ulipanda, ukapinda kulia, ukarudi kushoto, ukajikunja. "Ni njia aliyokuja nayo, baba. Kila jani ni mahali. Hukujua?"

Sikujua. Miezi mitatu nilikuwa nimeishi na mtoto aliyesafiri siku tisa kuja kwangu, na sikuwahi kumwuliza hata neno moja juu ya safari hiyo. Nilidhani namwepushia huzuni. Naye alikuwa ameiandika yote, akiwa na miaka minne, kwa sindano butu, asije akasahau njia ya kurudi, na mimi nilikuwa nimeamka alfajiri nikaifumua barabara yake ya kwenda kwao nikaweka mstari wa rula. Wakati wa kurudi nyumbani hakuchuchumaa hata mara moja. Majani yalikuwa mengi kuliko siku zote, na alipita katikati yake akiangalia mbele. Usiku hakula. Kesho yake akarudi upande wa Mama Bijou, kwenye mkate na chai, na nikamsikia Mama Bijou akisema kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Mutoto haiko nguo ya mukiriya, Mungu wangu," yaani nguo ya mteja. Zilikuwa zimebaki wiki tano Yaya Feza arudi. Nililia. Nimeficha mambo mengi maishani, hilo silifichi.

Jambo lililoniumiza zaidi, kama fundi, ni kwamba halikuwa na marekebisho. Nguo ukiifumua vibaya unaweza kuirudishia, lakini majani yale yalikuwa yamejaa matundu ya sindano mbili, na nilipojaribu kuufuata mstari wake wa zamani kwa kukumbuka, yalikatika vipande. Jumapili nikachukua kipande kingine cha marekani, nikakitandika kwenye mkeka, nikaketi mbali nacho kidogo, nikasema bila kumwangalia, "Riziki, nimeharibu kazi yako. Sikuuliza, nikaharibu. Nilikosea." Nikasema, "Mimi nilikuja huku zamani sana, njia nimeisahau. Lori lilianzia wapi?" Tulikaa kwa muda ambao Mama Bijou angeweza kumaliza kichwa kizima. Halafu mtoto akaja, akaweka kidole kwenye kona ya chini ya kitambaa, akasema, "Hapa. Kwa bibi wa mandazi." Nikamtungia uzi. Nikampa.

Ilituchukua karibu wiki mbili, kwa sababu sasa kila jani lilikuwa na maneno yake na nilikuwa nataka kuyasikia yote. Kasumbalesa, mpakani, walilala juu ya robota za vitenge na mvua ikanyesha. Chirundu, kwenye yale maji mengi, nyani alimpora Mama Mukubwa, ndivyo alivyomwita Yaya Feza, yai la kuchemsha akalila na ganda lake, na Mama Mukubwa akamtukana nyani kwa Kifaransa. Mahali mishono ilipokuwa imerundikana, basi liliharibika tangu asubuhi hadi jua kuzama, katikati ya pori. "Hapo Mama Mukubwa alilia," Riziki alisema, huku akivuta uzi. "Alilia sana. Alisema ni vumbi. Alinishika hivi." Akajikumbatia mwenyewe kuonyesha. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba Yaya Feza, na masharti yake ya sokoni, alimleta mtoto yule kwangu huku moyo unamtoka, na kwamba mwezi wa sita hakuwa anakuja kunikagua mimi tu. Alikuwa na tumaini lake. Sikumchukia kwa hilo, wala sikuacha kuliogopa.

Jumamosi moja Mama Bijou alikwenda harusini, nikampeleka Riziki Berea kazini, na kitambaa chake alikibeba mwenyewe kifuani. Papa Anselme alimpa mkono kama mtu mzima, akamwuliza ana nini. Mtoto akamwonyesha. Papa alikiangalia kwa muda, mstari wote uliopinda, mishono iliyorundikana, na nikaona uso wake unalegea kwa wema, na mkono wake unakwenda kwenye kisu kidogo cha kufumulia. Alikuwa anataka kumpa mtoto zawadi kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Nikasema, "Papa, hapana." Cherehani zote zikasimama. Kwa miaka minne hakuna aliyewahi kumwambia Papa Anselme hapana. "Papa, samahani. Huo mshono usiguswe. Ni barabara, na imepinda hivyo." Aliniangalia mimi, akaangalia kitambaa, akaweka kisu chini, na kusema, "Ah bon," yaani kumbe. Hakusema nami neno lingine mpaka Jumanne. Lakini mchana ule nilimwona ameinama mbele ya Riziki, miwani puani, kidole cha mtoto kikimpeleka jani kwa jani, na alipofika kwa nyani alimwuliza mara mbili kama ni kweli alikula na ganda.

Yaya Feza alifika mwezi wa sita, baridi imeshika, miti ya mtaa wetu imebaki mifupa. Riziki alimrukia shingoni hakumwachia. Kwa siku tatu alikula mapajani kwake, alilala kifuani kwake, alimfuata hadi bafuni, na mimi nikapika, nikaosha vyombo, nikanyamaza kama nilivyoahidi. Yaya alikuwa anaangalia kila kitu, sufuria, mkeka, jinsi mtoto anavyochovya bukari kwenye sahani yangu, na uso wake haukunipa habari. Jumapili baada ya chakula, mizigo yake ikiwa tayari kwa basi la jioni, alisema, "Shemeji, mutoto amenona, nimeona. Lakini kunishika ananishika. Nitamuuliza yeye mwenyewe." Nikasema mtoto wa miaka minne haulizwi jambo kama hilo. "Nitamuuliza," akarudia, akamsimamisha Riziki mbele yake, akamshika mashavu. "Riziki, mama mukubwa anarudia Kalemie leo. Tunaenda?"

"Tunaenda!" Riziki alisema, na tayari alikuwa amegeuka. Alikimbia kuleta nguo zake, gauni, sweta, kikombe chake cha bati, kitambaa cha barabara, akavirundika miguuni kwa Yaya, akarudi kuleta viatu. Nilipiga magoti, nikaanza kumkunjia nguo ndani ya mfuko mmojawapo wa Yaya, taratibu, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Nikasema tu, "Haina mbaya, Yaya." Nilipofunga mfuko, Riziki alikuwa amesimama mbele yangu, koti limefungwa vibaya, kifungo kimoja juu. Aliuangalia mfuko, akaangalia kitandani, akaangalia nyuma ya mlango, akakunja uso kwa hasira ya mtu anayecheleweshwa.

"Na zako?" akaniuliza. "Wewe hujafunga nguo zako bado? Basi itatuacha."

Alinivuta mkono nisimame, nianze. Yaya Feza alimwangalia mtoto, akaniangalia mimi, akamwangalia mtoto tena kwa muda mrefu, akaweka kiganja mdomoni. Kisha akauvuta ule mfuko miguuni kwake, akaufungua, akaanza kutoa nguo za mtoto moja moja na kunipa mimi, bila kuniangalia usoni, kwa haraka hata soksi moja ikaanguka sakafuni na hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kuiokota.